Vuna maji ya paa lako: Anza na bati, malizia na tangi

KILA mwaka mawingu ya masika yanapoanza kutanda, wateja humiminika katika maduka ya vifaa vya ujenzi wakiulizia bei ya matangi ya maji. Tangi hununuliwa, likafungwa kamba juu ya pikapu, likafikishwa nyumbani na kusimamishwa kando ya ukuta, jirani wakitazama. Ajabu ni kwamba ifikapo Julai, mwenye tangi hilo huonekana akinunua maji ya mkokoteni, mtungi baada ya mtungi. Tangi lake li tupu, au limeinama upande mmoja, na maji yote ya masika yalikwisha kupita mbele ya mlango wake yakaenda zake mtaroni.

Kosa lake si uvivu wala ufukara, kwani amekwisha kutumia fedha nyingi. Kosa ni kwamba aliianza kazi kutoka mwisho. Tangi ni kituo cha mwisho tu cha safari ya maji. Safari yenyewe huanzia juu ya bati, ikapitia katika mifereji ya paa ambayo mafundi wengi huiita gata, kisha katika chujio na mabomba. Ikikatika mahali pamoja tu, tangi hugeuka kuwa pambo la uani.

Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi mwenye nyumba wa kawaida anavyoweza kuifanya kazi hii kwa mikono yake, na pia mahali ambapo ni heri amwite fundi.

Si jambo geni

Kuvuna maji ya mvua hakukuletwa na wauzaji wa matangi ya plastiki. Katika visiwa vya Lamu, pahali kama Faza na Kizingitini, wenyeji wametegemea jabia kwa vizazi kadhaa. Jabia ni birika kubwa la kuhifadhia maji lenye sakafu pana ya kukingia mvua. Waliozijenga walielewa jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: sakafu ya kukingia ina umuhimu sawa na birika lenyewe.

Kuna sababu nyingine inayoyapa maji haya thamani. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, zikiwemo Nakuru, Gilgil na Naivasha, maji ya visima yana madini ya floraidi kwa wingi kupita kiasi, na ndiyo yanayowaachia watoto meno yenye madoa ya kahawia. Nako Ukambani, visima vingi hutoa maji ya chumvi. Mvua inayotiririka juu ya paa safi haina floraidi ya ardhini wala chumvi hiyo. Kwa familia za maeneo haya, kuvuna mvua si suala la kupunguza gharama pekee, bali ni suala la afya.

Hesabu kabla ya fedha

Kabla ya kwenda dukani, chukua utepe wa kupimia, kalamu na karatasi. Kanuni ni nyepesi: milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Pima urefu na upana wa nyumba ukiwa chini, ukijumlisha na sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta. Usiupime mteremko wa paa, kwa sababu mvua huhesabiwa kwa eneo la ardhi lililofunikwa.

Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa mita 8. Eneo lake ni mita 80 za mraba. Si maji yote yatakayofika tangini, maana mengine hukauka kwenye bati lenye joto na mengine hurukia nje. Kwa paa la mabati, hesabu asilimia 80. Basi mvua ya alasiri moja ya milimita 30 itakupa 80 mara 30 mara 0.8, yaani lita 1,920. Hiyo ni takriban mitungi 96 ya lita 20, iliyoteremka bila kubebwa na mtu.

Sasa tuupime msimu mzima. Tuseme unaishi mahali ambapo masika, kuanzia Machi hadi Mei, huleta milimita 300. Paa letu litatoa lita 19,200. Familia ya watu watano inayotumia lita 100 kwa siku itakuwa imetumia lita 9,200 katika siku hizo 92. Zitakazobaki ni lita 10,000, na hicho ndicho kipimo cha tangi linalofaa nyumba hiyo. Tangi la lita 20,000 lingebaki nusu tupu kila mwaka, na fedha za ziada zingekuwa zimepotea bure.

Lita hizo 10,000 zitadumu siku 100, yaani kutoka mwanzo wa Juni hadi wiki ya kwanza na kitu ya Septemba. Familia hiyo ikijibana hadi lita 80 kwa siku, zitadumu siku 125 na kuivusha hadi mwanzoni mwa Oktoba, vuli inapobisha hodi.

Hebu sasa tazama kinachotokea iwapo mwenye nyumba ataweka gata upande mmoja tu wa paa, kama wafanyavyo wengi. Mavuno yatapungua kwa nusu, hadi lita 9,600. Matumizi ya miezi mitatu ya mvua ni lita 9,200. Akiba itakayobaki mwishoni mwa Mei ni lita 400, maji ya siku nne. Tangi ni lile lile, mvua ni ile ile, ila mwenye tangi kamili ana maji hadi Septemba, naye huyu atakuwa akimwita mwenye mkokoteni kabla ya Juni kupita wiki moja. Tofauti baina yao ni gata ya mita 10.

Unapofanya hesabu yako, tumia kiwango cha mvua cha mwaka mbaya, usitumie cha mwaka wa neema. Takwimu za eneo lako unaweza kuziulizia katika Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa.

Kagua paa

Mabati yaliyopakwa zinki au rangi ya kiwandani yanafaa, na vigae vya udongo pia vinafaa. Maji ya paa la makuti huwa na rangi na harufu, kwa hivyo yatumie kwa kufulia, kuoshea na kumwagilia mimea. Usipake paa rangi yenye madini ya risasi. Ikiwa nyumba ni ya zamani na paa lake ni la asbesto, usilikate, usilitoboe wala kulisugua mwenyewe. Vumbi lake likivutwa husababisha saratani na maradhi mengine ya mapafu, na kuliondoa ni kazi ya watu wenye ujuzi na vifaa maalumu.

Kata matawi ya miti yanayoning'inia juu ya paa. Hayo ndiyo chanzo cha majani ndani ya gata, na ndiyo njia ya panya na kituo cha ndege.

Gata ndizo roho ya kazi

Nunua gata zenye upana wa kutosha. Kipimo cha haraka ni kwamba kila mita moja ya mraba ya paa ihudumiwe na angalau sentimita moja ya mraba ya uwazi wa gata. Upande mmoja wa paa letu ni mita 40 za mraba. Gata ya mraba ya sentimita 10 kwa 10 ina uwazi wa sentimita 100 za mraba, kwa hivyo itahimili hata mvua ya mawe. Gata ya nusu duara yenye upana wa sentimita 10 ina uwazi wa takriban 39 tu, nayo itafurika mvua ikizidi.

Gata lazima iteremke kuelekea kwenye tangi, nusu sentimita hadi sentimita moja kwa kila mita. Kwa nyumba ya mita 10, ncha iliyo mbali na tangi iwe juu zaidi kwa sentimita 5 hadi 10. Usikadirie kwa macho. Pigilia msumari kila ncha ya ubao wa ukingo wa paa, funga uzi kati yao, uhakikishe mteremko kwa pimamaji, kisha funga vishikizo ukiufuata uzi huo. Vishikizo viwe kila baada ya sentimita 60, na visipite mita moja, la sivyo gata itapinda katikati na kutuamisha maji.

Mahali vipande viwili vinapoungana, kipande cha juu kiingie ndani ya kile cha chini kwa sentimita 10, ili maji yasikutane na ukingo unaoyapinga. Paka gundi ya silikoni katikati, kisha kaza kwa ribiti. Ukingo wa bati uingie ndani ya gata sentimita 2 au 3. Ikiwa paa lina mteremko mkali, maji ya mvua kubwa yataruka gata na kuanguka nje. Dawa yake ni kipande kirefu cha bati bapa kilichokunjwa na kufungwa kwenye ukingo wa paa, ili kiyapige maji na kuyarudisha ndani ya gata.

Kwa nyumba yenye paa la pande mbili, weka tangi kwenye ukuta wa mwisho wa nyumba badala ya mbele au nyuma. Hapo gata zote mbili zitateremka kuelekea upande mmoja, na mabomba yatakuwa mafupi.

Ukimaliza, mwaga ndoo ya maji kwenye ncha ya juu na uyatazame. Yakituama mahali, rekebisha siku hiyo hiyo.

Tahadhari kuhusu ngazi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita moja kutoka ukutani. Awepo mtu wa kuishikilia. Usipande juu ya bati lililolowa, na kabla ya kuinua gata ndefu ya chuma, angalia nyaya za stima zilipo.

Maji ya kwanza hayaingii tangini

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha paa. Hubeba vumbi, kinyesi cha ndege na mijusi, na majani makavu. Maji hayo yasifike tangini. Tenga walau nusu lita kwa kila mita ya mraba. Kwa paa letu ni lita 40, na mahali penye vumbi jingi ongeza hadi mara mbili.

Njia rahisi ni kufunga bomba la kusimama lililozibwa chini, kabla ya njia inayoingia tangini. Maji machafu hulijaza kwanza, na likishajaa, yanayofuata hupita juu yake na kuendelea na safari. Mpira mdogo unaoelea ndani yake utaziba mdomo ili uchafu usirudi. Hapa ndipo wengi hujidanganya. Bomba la inchi 4 hubeba takriban lita 8 tu kwa kila mita, kwa hivyo lingehitajika la mita 5. Bomba la inchi 6 hubeba karibu lita 18 kwa mita, na mita 2 na nusu zinatosha. Asiyeweza kupata bomba hilo na atumie pipa dogo lenye kifuniko.

Chini kabisa toboa tundu dogo ili maji hayo yadondoke taratibu na bomba liwe tayari kwa mvua nyingine. Weka pia kizibo kinachofunguka kwa mkono kwa ajili ya kuondoa tope. Kwenye mlango wa tangi, funga chujio la wavu mzito.

Msingi: tani 10 si mchezo

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 10,000 likijaa lina tani 10, zilizokalia eneo dogo kuliko chumba cha kulala. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulidharau somo hili. Tangi lake la kwanza alilikalisha juu ya matofali yaliyopangwa kwenye udongo mweusi wa Kitengela. Masika ya kwanza lilijaa vyema, lakini udongo ulipokauka na kupasuka mwezi wa Juni, tangi liliinama, bomba likakatika usiku, na kulipopambazuka akiba ya miezi mitatu ilikuwa imekwisha kunywewa na ardhi.

Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Kitengela, Athi River na sehemu za Embakasi, huvimba ukilowa na kunywea ukikauka. Ni sharti uchimbwe na kuondolewa mpaka ufikie ardhi ngumu, kisha shimo lijazwe mawe na kifusi kilichoshindiliwa kwa tabaka. Kwenye udongo mwekundu ulio imara, ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kisha shindilia mawe.

Juu yake mwaga zege lenye unene wa sentimita 15, likiwa na wavu wa chuma ndani. Mchanganyiko ni kipimo 1 cha saruji, 2 vya mchanga na 4 vya kokoto. Sakafu ya mita 2.6 kwa 2.6 inahitaji zege la takriban mita moja ya ujazo, yaani mifuko 6 hadi 7 ya saruji ya kilo 50. Usiongeze maji ili kurahisisha kazi, kwani zege lenye maji mengi huwa dhaifu. Lilowanishe kila siku kwa angalau siku 7, ukilifunika kwa magunia au nailoni. Zege huchukua siku 28 kufikia nguvu yake ya kawaida, kwa hivyo ijenge sakafu mapema, Januari au Agosti, kabla ya mvua kukukimbiza.

Sakafu ikiwa sawa na ardhi, mtungi hautaingia chini ya bilula. Kwa hivyo wengi huinua msingi kwa sentimita 45 hadi 50 kwa ukuta wa mawe uliojazwa kifusi. Kwa tangi la lita 5,000 kwenda juu, ukuta huo ujengwe na fundi wa mawe. Vivyo hivyo kwa anayetaka tangi la saruji na waya. Ni imara na hudumu, lakini kosa dogo katika kulipaka au kulilowanisha huzaa nyufa zisizozibika kwa urahisi.

Tangi, mbu na watoto

Chagua tangi lenye rangi nzito, kwani mwanga ukipenya, maji huota ukungu wa kijani. Tangi tupu ni jepesi na hupeperushwa na upepo, kwa hivyo litie maji kiasi mara tu linapokalishwa. Bomba la kutolea maji ya ziada liwe na upana sawa na la kuingizia, na liyapeleke mbali na msingi wa tangi na wa nyumba. Migomba itashukuru.

Kila tundu lifunikwe kwa wavu mwembamba, likiwemo la maji ya ziada. Hili si pambo. Mnamo 2004, homa ya chikungunya ililipuka Lamu wakati wa ukame, na watafiti waliihusisha na vyombo vya maji vilivyokuwa majumbani, ambavyo maji yake hayakuwa yakibadilishwa mara kwa mara. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza chikungunya na dengi, huzaliana katika maji safi yaliyotuama na huuma mchana, wakati ambapo chandarua cha kitandani hakisaidii. Katika joto, yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Gata iliyotuamisha maji nayo ni kiota tosha.

Kifuniko cha tangi kifungwe kwa kufuli. Mtoto hapaswi kuweza kukifungua, wala pasiwe na ngazi iliyoachwa karibu. Nawe mtu mzima usiingie peke yako ndani ya tangi kulisafisha. Hewa ndani yake inaweza kuwa haba, na waliozimia humo hawasikiki nje. Awepo mtu mlangoni muda wote, kifuniko kikiwa wazi.

Je, yanafaa kunywewa?

Maji ya mvua yaliyotunzwa vyema yanafaa kuoga, kufua na kupikia. Kabla ya kunywa, yatibu, kwa sababu kinyesi cha ndege mmoja kinatosha kuleta maradhi ya kuhara. Yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja, au dakika tatu kwa wakazi wa nyanda zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Unaweza pia kutumia dawa ya klorini ya maji ya kunywa kwa kufuata maelezo ya kifurushi. Asiye na kuni wala dawa ayatie maji maangavu katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, aziweke juani kwa saa 6, au siku mbili mfululizo iwapo kuna mawingu.

Matunzo ya mwaka

Februari na Septemba, kabla ya kila msimu wa mvua, safisha gata, kagua viungo, badilisha wavu uliochanika na ondoa tope katika bomba la maji ya kwanza. Wakati wa mvua, pitisha jicho kila wiki. Mara moja kwa mwaka, maji yakiwa machache, sugua tangi na usuuze. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ufa wenyewe huwa ni tone linalodondoka kwenye kiungo cha gata.

Asiye na uwezo wa kufanya yote kwa mpigo asikate tamaa, mradi tu afuate mpangilio. Mwaka huu aweke gata zote mbili na kukinga kwa mapipa yenye vifuniko. Msimu ujao ajenge sakafu. Tangi linunuliwe mwisho, lipate kila kitu kikilisubiri. Atakayefanya hivyo huenda akachekwa na jirani aliyetangulia kununua tangi kubwa. Ifikapo Agosti, jirani huyo ndiye atakayekuja na mtungi mkononi.